Barua ya maombi ya kazi kwa anayebadili fani: mwongozo kamili, kwa mifano ya Tanga

Mwalimu anaomba kazi kwa wakala wa forodha. Karani wa shamba la mkonge anaomba kazi ya stoo kiwandani Pongwe. Muuza duka la dawa anaomba kazi ya mapokezi hotelini Raskazone. Wote watatu wanaandika barua ileile: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 29, mchapakazi, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa.” Halafu wanangoja simu, na simu haiji.

Barua ya namna hiyo haimwangushi sana mtu anayeendelea na fani yake. Mhasibu akiomba uhasibu, CV inamsemea. Wewe unayehama, CV yako inamchanganya msomaji. Anajiuliza mawili tu: huyu anakimbia nini huko alipo, na hapa kwangu atanifaa kwa lipi? Barua yako ipo kwa ajili ya kujibu maswali hayo mawili, kwenye ukurasa mmoja.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa hisabati wa sekondari binafsi hapa jijini, anayeomba ukarani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha. Badilisha kazi, hatua ni zilezile.

## Viandae hivi kwanza

- Tangazo la kazi, lote. Picha ya WhatsApp iliyokatwa nusu haitoshi, maana masharti huwa chini na ndiyo yanayokatwa.
- CV yako ya sasa, hata kama ni mbovu.
- Vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA.
- Kumbukumbu za kazi uliyofanya: rejesta, ripoti, ratiba, ujumbe wa bosi kwenye simu. Humo ndimo zitakamotoka namba za kuandika.
- Wadhamini watatu waliokubali. Mmoja awe mtu anayeijua fani unayokwenda. Mjomba wako mwache.
- Karatasi mbili tupu na kalamu. Kompyuta ije baadaye. Ukianza nayo utajikuta unabandika barua ya mwaka juzi.

## Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu

Piga mstari mmoja chini ya kila sharti la lazima (cheti, leseni, miaka ya uzoefu). Piga mistari miwili chini ya kila jukumu. Neno linalorudiwa zaidi ya mara moja lizungushie duara, kwa sababu kinachorudiwa ndicho kinachowasumbua pale ofisini.

Kwa mwalimu wetu, tangazo linasema: kuandaa na kuhakiki nyaraka za mizigo, kutunza mafaili, kuwasiliana na wateja, kufuatilia tarehe, kutumia Excel. Neno “usahihi” limetajwa mara mbili. Limepata duara.

Tahadhari. Kuna masharti ambayo barua haiyavuki. Muuguzi lazima awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na dereva wa lori lazima awe na leseni ya daraja husika. Ukikosa kitu cha namna hiyo, usipoteze bando. Tafuta cheti kwanza. Kama ujuzi unao ila hukusomea darasani, kwa mfano umepika miaka mingi kwa mama lishe au umechomelea mageti gereji, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi: unapimwa kwa kile unachokijua na kupewa cheti bila kuanza mafunzo upya. Chuo chao kipo hapahapa Tanga.

Sharti la “uzoefu wa mwaka mmoja au miwili” ni jambo jingine. Hilo linajadilika, na ndilo barua hii itakalolishughulikia.

## Hatua ya 2: Karatasi ya safu mbili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Barua nyingi ninazoletewa kuzipitia zimeandikwa na watu walioiruka hatua hii, na unaiona tangu mstari wa pili.

Gawa karatasi katikati. Kulia andika majukumu matano ya tangazo, kwa maneno yao. Kushoto, mkabala na kila jukumu, andika kitu ulichowahi kukifanya kwa mikono yako kinachofanana nalo. Tabia haihesabiki hapa. “Mimi ni makini” ni tabia. “Nilisahihisha na kuingiza alama za wanafunzi 180 kila muhula” ni kazi.

Mwalimu akiulizwa amefanya nini, kwa kawaida atajibu “nimefundisha”. Neno hilo linaficha mambo mengi. Amefundisha, sawa, lakini pia amejaza mahudhurio kila asubuhi, ametunza stoo ya vitabu, amekaa na mzazi mwenye hasira, amepanga ratiba ya walimu 14 wasigongane. Na kama aliwahi kukabidhiwa usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne, basi anayo dhahabu na hajui.

Usajili ule ukoje? Unachukua jina la kila mtoto na kulilinganisha na kumbukumbu zake za nyuma, herufi kwa herufi. “Mwanaidi” na “Mwanahidi” ni watu wawili mbele ya Baraza la Mitihani. Tarehe ya kuzaliwa, masomo, picha, malipo, vyote vikae sawa. Tarehe ya mwisho ikipita kuna faini. Jina likikosewa, mwenye cheti atahangaika miaka mingi baadaye.

Sasa tazama ofisi ya wakala wa forodha. Ankara ya muuzaji, orodha ya mizigo na hati ya shehena lazima zikubaliane: jina la mpokeaji, uzito, namba ya kontena. Zisipokubaliana, mzigo unakwama bandarini, siku zinasogea, na mteja anaanza kulipia storeji. Mwalimu yule ameshaifanya kazi hiyo. Tofauti ni kwamba kilichokuwa jina la mtoto sasa ni namba ya kontena.

Jaza safu ya kushoto kwa utaratibu huo. Ukikwama, chukua siku moja ya kazi ya kawaida na uiandike saa kwa saa, tangu ulipoingia mpaka ulipotoka. Mtu wa soko la samaki atashangaa kuona anakokotoa bei, anapima, anakopesha na kudai, anatunza barafu na kuhesabu hasara, vyote kabla ya saa nne asubuhi.

Utajua umeiva pale angalau majukumu matatu kati ya matano yanapokuwa na kitu halisi mkabala nayo, na angalau viwili kati ya vitu hivyo vina namba. Ukipata kimoja tu, pengine kazi hiyo bado iko mbali nawe. Tafuta tangazo la kazi iliyo katikati ya fani mbili.

## Hatua ya 3: Andika aya ya kwanza

Aya ya kwanza ina mambo matatu: nafasi unayoomba, ulikotoka, na kiungo kati ya hayo mawili. Sentensi tatu zinatosha.

Isiyofaa: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye akili timamu, ninaomba kazi katika kampuni yako tukufu.”

Inayofaa: “Naomba nafasi ya karani wa nyaraka mliyoitangaza. Nimefundisha hisabati kwa miaka sita jijini Tanga, na kwa miaka mitatu ya mwisho nilikabidhiwa usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne. Kazi hiyo ya kulinganisha nyaraka na kuwahi tarehe ndiyo ninayotaka kuifanya kwenu.”

Umri, dini na idadi ya watoto havina kazi hapa. Tangazo likitaka umri, uweke kwenye CV.

## Hatua ya 4: Weka ushahidi katika aya ya pili

Rudi kwenye karatasi ya safu mbili. Chagua mambo mawili yenye nguvu. Usitie matano, maana msomaji hatakumbuka hata moja. Kwa kila jambo sema ulifanya nini, kwa ukubwa gani, na matokeo yalikuwaje.

Epuka lugha ya fani uliyotoka. “Niliandaa maazimio ya kazi na andalio la somo” ni sentensi nzuri mbele ya mwalimu mkuu. Mbele ya meneja wa uwakala haina maana yoyote. Tumia maneno ya tangazo: kuhakiki, kufuatilia, mafaili, wateja.

Tahadhari. Usipandishe namba. Kama watahiniwa walikuwa 96, andika 96. Ukiandika “zaidi ya 200”, kuna siku utaulizwa kwenye usaili uliwapangaje, na mji wenyewe huu, aliye mbele yako huenda mwanawe alisoma palepale.

## Hatua ya 5: Eleza kwa nini unahama

Sentensi mbili au tatu, basi. Aya hii ikirefuka inaanza kunuka malalamiko.

Usimseme mwajiri wako wa sasa, hata kama hujalipwa miezi minne. Msomaji hamwonei huruma aliyedhulumiwa; anajiuliza na yeye utamsemaje ukiondoka. Usitaje mshahara. Usiandike “napenda changamoto mpya”, ambayo haimwambii mtu chochote.

Na hapa Tanga kuna sababu moja iliyochosha: “Kwa kuwa bandari yetu imepanuliwa na bomba la mafuta linakuja…” Bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kila mwombaji ameliandika. Msomaji wako anaishi hapa na analijua. Fursa iliyopo mjini inaeleza kwa nini watu wengi wanataka kazi hiyo, haielezi kwa nini yeye akuchukue wewe.

Sababu inayoaminika ni ile inayotokana na kitu ulichokwisha kukigusa. Kama hujagusa chochote, gusa kabla hujaandika. Omba kukaa wiki mbili likizoni kwenye ofisi ya mtu unayemfahamu, ukipanga mafaili na kutazama. Wengi wanakubali, mradi huombi posho. Wiki hizo mbili zitaibeba barua yako kuliko aya tatu za sifa.

## Hatua ya 6: Litaje pengo mwenyewe

Kuna kitu huna, na msomaji atakiona. Ukikinyamazia, ataamua peke yake kina uzito gani. Ukikitaja kwa sentensi moja na kueleza umeshafanya nini kukihusu, umemrahisishia.

Katika mfano wetu, pengo ni la mafunzo ya forodha. Wanaofanya uwakala husomea cheti cha uwakala wa forodha na usafirishaji mizigo cha Afrika Mashariki, ambacho hapa nchini kinatolewa na Chuo cha Kodi. Karani anayeanza anaweza asidaiwe, lakini kujua kwamba cheti hicho kipo kunaonyesha kuwa hukuota tu asubuhi ukaamka na kuandika barua.

Usiombe radhi. “Pamoja na kwamba sina uzoefu, naomba mnifikirie” inamweka msomaji katika nafasi ya kutoa sadaka, naye hakutangaza sadaka.

## Hatua ya 7: Unganisha barua nzima

Muundo ni wa barua rasmi ya kawaida: anwani yako juu kulia na tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha habari, mwili, kisha sahihi. Ikikamilika itakuwa hivi:

> Jina lako,
> S.L.P. ……,
> TANGA.
> Simu: ……
> Tarehe: ……
>
> Meneja Utumishi,
> Jina la kampuni,
> S.L.P. ……,
> TANGA.
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA NYARAKA
>
> Naomba nafasi ya karani wa nyaraka mliyoitangaza. Nimefundisha hisabati kwa miaka sita jijini Tanga, na kwa miaka mitatu ya mwisho nilikabidhiwa usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne. Kazi hiyo ya kulinganisha nyaraka na kuwahi tarehe ndiyo ninayotaka kuifanya kwenu.
>
> Mwaka jana nilihakiki majina, tarehe za kuzaliwa na masomo ya watahiniwa 96. Nilitengeneza jedwali la Excel lililoonyesha nani amekamilika na nani bado, nikawafuatilia wazazi kwa simu, na orodha ikatumwa siku nne kabla ya mwisho bila jina hata moja kurudishwa. Pia nilitunza stoo ya vitabu, na kila mwisho wa muhula hesabu ya rejesta na ya rafu zilikuwa zinakubaliana.
>
> Kazi ya nyaraka ndiyo niliyoipenda zaidi, na shuleni hufanyika miezi michache tu kwa mwaka. Likizo ya Desemba nilikaa wiki mbili katika ofisi ya wakala wa forodha nikipanga mafaili na kujifunza jinsi ankara, orodha ya mizigo na hati ya shehena zinavyolinganishwa. Hapo ndipo nilipoamua kuhamia huku.
>
> Sijaajiriwa kwa wakala wa forodha kabla ya sasa. Nimeshaulizia masharti ya kujiunga na mafunzo ya cheti cha uwakala wa forodha Chuo cha Kodi, na sifa za kujiunga ninazo.
>
> Nimeambatisha CV na nakala za vyeti. Naweza kuanza kazi siku 28 baada ya kupewa ajira, na nitafurahi kuja kwenye usaili siku mtakayopanga.
>
> Wako,
> (sahihi)
> Jina kamili

Zile siku 28 hazikutoka hewani. Ndiyo notisi ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba wake umepanga muda mrefu zaidi. Ukiandika “naweza kuanza hata kesho” ilhali una kazi, umemwonyesha mwajiri mpya jinsi utakavyomwacha.

Tangazo likiwa la Kiingereza, andika kwa Kiingereza, lakini karatasi ya safu mbili ijaze kwa Kiswahili kwanza. Hoja zikikaa sawa, lugha inafuata.

## Hatua ya 8: Ikague

Isome kwa sauti. Unapoishiwa pumzi, sentensi ni ndefu, ikate. Angalia r na l, maana “kulipoti” badala ya “kuripoti” kwenye barua ya kuombea ukarani imemaliza habari. Angalia jina la kampuni limeandikwa kama wao wanavyoliandika. Angalia haijavuka ukurasa mmoja.

Halafu mpe mtu asiyeijua fani unayokwenda, umwombe akwambie unaomba kazi gani na kwa nini wakupe. Akijibu vyote viwili bila kurudia kusoma, barua iko tayari. Akisema “umeandika vizuri” tu, rudi hatua ya nne.

## Hatua ya 9: Ipeleke

Kwa barua pepe: tengeneza faili moja la PDF lenye barua, CV na vyeti, kwa mpangilio huo, isipokuwa tangazo limesema vingine. Lipe faili jina lako na jina la nafasi. Watu wa steshenari za Ngamiani mara nyingi wanakuhifadhia kwa jina kama “scan0047”. Mwambie abadilishe kabla hujaondoka. Kwenye ujumbe wenyewe andika mistari mitatu, usiuache mtupu.

Kwa mkono: bahasha ya kaki, jina la nafasi juu ya bahasha, na muombe mtu wa mapokezi akugongee muhuri kwenye nakala yako.

Akitokea mtu anayetaka “hela ya fomu” au “ya kuisukuma barua”, ondoka. Huyo hana kazi ya kukupa.

### Kama ni kazi ya serikali

Nafasi nyingi za umma zinaombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kuomba hakulipiwi. Barua lazima iwe na sahihi yako, na anwani ya kuiandikia imo kwenye tangazo. Inakili kama ilivyo. Huku “Husika na kichwa cha habari hapo juu” haikudhuru, iache ikae.

Anayebadili fani asome sana masharti ya jumla. Matangazo hayo huwataka waombaji ambao tayari ni watumishi wa umma, na wamejipatia sifa za kuingia kada tofauti na walizonazo, wapitishe barua zao kwa waajiri wao. Muuguzi wa hospitali ya Bombo aliyejisomea uhasibu jioni anaguswa moja kwa moja. Apeleke barua kwa mwajiri mapema, kwa sababu kusainiwa kwake kunaweza kuchukua siku nyingi kuliko zilizobaki kwenye tangazo. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi badala ya vyeti, na nakala za vyeti zithibitishwe na wakili.

## Baada ya wiki mbili

Tarehe ya mwisho ikishapita wiki mbili na kimya, piga simu mara moja, asubuhi, si Ijumaa mchana. “Habari za kazi. Naitwa fulani, niliomba nafasi ya karani wa nyaraka. Naomba kujua kama mmeshaanza kuita watu kwenye usaili.” Ukijibiwa “tutakupigia”, shukuru ukate simu.

Wakati huo karatasi ya safu mbili usiitupe. Tangazo lijalo likiwa la stoo badala ya nyaraka, safu ya kushoto inabaki ileile. Utafuta ya kulia tu, uchague ushahidi mwingine, na hesabu ya vitabu itangulie usajili wa watahiniwa.